Koki Hii Imefungwa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi. Dada yake kajifungua na hana wa kumsaidia. Atarudi Jumatatu ijayo. Ameniachia vitu viwili: mama yake mzazi, aliyefika juzi, na samaki wake. Kuhusu mama kasema neno moja tu: mtunze. Kuhusu samaki kazungumza mpaka dereva wa teksi akachoka kupiga honi.

Tangi lenyewe limekula ukuta mzima wa sebule. Ni refu kuliko kochi, na maji yake yananifika kifuani. Mgeni akiingia anasalimia samaki kwanza, mimi baadaye. Ndani wamo vijana sita wa rangi ya chungwa, wasio na habari na mtu, na mmoja mweusi, mnene, mwenye mashavu, anayeitwa Mwenyekiti. Mke wangu alimpata akiwa mdogo kama kidole gumba, kabla hajanijua mimi. Mwenyekiti akipita, wengine wanapisha. Mke wangu akirudi kazini anatumbukiza mkono, Mwenyekiti anakuja kuugusagusa kwa mdomo, wanaongea. Mimi nikirudi kazini naulizwa kama nimekumbuka mkate.

Masharti: kila siku maji kidogo yatoke, mengine yaingie. Ndoo baada ya ndoo. Na si maji ya bomba moja kwa moja! Eti yana dawa ya kuulia vijidudu, itamuunguza Mwenyekiti. Lazima kwanza yalale kwenye mapipa ya roshani, siku nzima, mpaka dawa iruke. Yalale! Yana kitanda? Samaki wa mtoni nani anawalazia maji?

Mlangoni kanikazia macho. Kasema huyu akifa, nisije nikamtafutia maneno. Nikamwambia aende kwa amani, mumewe yupo.

Nimebeba ndoo moja. Kiuno kimelia kaa! Nikaketi chini kufikiri.

Jumanne, 4 Machi

Mlango unaotazamana na wetu anakaa Injinia. Cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, lakini kalamu mfukoni hazimtoki. Naye ana tangi. Na tangi lake, hakuna wiki asiyonikumbusha, linabadilisha maji lenyewe. Yeye yupo zake kazini anakunywa chai. Huku nyumbani machafu yanatoka, masafi yanaingia. Leo kanikuta koridoni na ndoo. Kasema pole jirani, kumbe bado mko kwenye ndoo. Bado! Utadhani ndoo ni homa na watu wote wameshapona.

Sikulala na hilo. Yaani sikusubiri hata saa moja. Nimempigia fundi bomba. Mtaani wanamwita Dakika Mbili, kwa sababu ndizo anazoomba kila anapoondoka, na harudi ndani ya wiki. Leo, maajabu, kaja papo hapo na mabomba begani.

Mtambo wangu ni rahisi, hata mtoto angeuelewa. Pampu ndogo ndani ya tangi, imeunganishwa na swichi yenye saa. Saa nne asubuhi inajiwasha, inavuta maji na kuyapeleka bafuni, inajizima. Maji yakipungua, mapya yanaingia kutoka bomba la jikoni, kupitia koki ya ukutani, mpaka tangi lijae. Kwisha. Hakuna ndoo. Hakuna kiuno.

Kufikia jioni Dakika Mbili alikuwa anakusanya vyombo vyake. Kasema kazi imekwisha, limebaki boya tu, kile kidude cha kuelea kinachokata maji tangi likijaa. Hilo atalifuata dukani. Ila nisiwe na wasiwasi, koki ameifunga.

Nikamshukuru sana. Kufunga koki ndiko nilikomwitia! Nimeikagua mwenyewe. Ya shaba, inang'aa, mpini wake mwekundu umekaa kwa kukingama bomba, maridadi kabisa. Imefungwa kwelikweli. Huyu kijana watu wanamsingizia uvivu bure.

Kasema nimpe dakika mbili alete boya.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi na redio yake. Kauliza kama maji hayo mapya yatakuwa yamelala. Nikamwambia mama, hii ni teknolojia. Kanyamaza. Mama huyu anajua kunyamaza, unaweza kuusikia ukimya wake kutoka chumba cha pili.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Nimerudi kazini mbio, hata viatu sikuvua. Tangi limejaa pomoni. Maji meupe, ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Mwenyekiti anakata mitaa kwa madaha. Nikakimbia roshani kuyatazama mapipa: yamejaa mpaka mdomoni, hayajaguswa. Ushahidi gani mwingine mtu anataka? Mtambo umefanya kazi peke yake, tena kwa maji ya bomba yasiyolala, na hakuna aliyeungua.

Kasoro moja ndogo. Sakafu kutoka roshani hadi sebuleni ilikuwa na maji. Nadhani mama kazidisha kudeki. Nimemkuta amelala chali kwenye kochi, mkono kiunoni. Umri huo.

Wakati wa kula kaniuliza kama nafahamu kuwa ile koki imefungwa. Nikamwambia nafahamu mama, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwita mtu aje aifunge. Kaacha kula. Kasema kumbe ni kwa makusudi. Nikasema makusudi kabisa, nimepanga yote kichwani mwangu, yeye kazi yake ni kukaa na kuangalia inavyokwenda. Kacheka kidogo, ingawa macho yake hayakucheka. Kasema maisha yake yote hajawahi kuona mkwe wa namna yangu. Nimefurahi. Sikutegemea sifa mapema hivi.

Mke wangu kapiga simu. Samaki? Wazima. Maji yanabadilishwa? Kila siku. Mapipa? Yamejaa. Kasema asante. Akarudia tena, polepole: asante mume wangu, nilikuwa na wasiwasi. Sikumwambia habari za mtambo, nataka aukute. Sijui mara ya mwisho ni lini huyu mwanamke alinishukuru bila kuongeza "lakini".

Alhamisi, 6 Machi

Mimi ni mtu wa mabango. Duka letu linachapisha mabango ya harusi, stika za magari, vibao vya "Choo" na "Mbwa Mkali". Leo mashine ilikuwa haina kazi kwa muda, nikajichapishia kitu changu. Herufi nyekundu, mandharinyuma nyeupe, gundi ya kudumu:

KOKI HII IMEFUNGWA.

Nilitaka kuongeza "na fundi bingwa, kwa usimamizi wa mwenye nyumba", ila stika ilikuwa ndogo. Nimeibandika juu ya koki. Sasa hata mgeni akiingia atajua kitu kimefanyika hapa.

Mama kaisoma stika. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaisoma tena. Kauliza kama nimeandika hivyo ili yeye asisahau. Nikamwambia ni kwa ajili ya wote, mama. Akaenda chumbani kwake na kufunga mlango kwa kishindo. Upepo wa roshani huo, nitauangalia.

Tangi limejaa tena. Maji safi tena. Mapipa hayajaguswa tena. Nimemletea mama dawa ya kuchua kiuno, maana leo alikuwa anatembea kwa kushika kuta. Wakwe wangapi wanafanya hivyo? Kaipokea. Kasema asante, angalau navitunza vyombo vyangu vya kazi. Sijui kwa nini kaingiza habari za vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwalika Injinia. Nilimngojea koridoni makusudi, nikajifanya tumekutana kwa bahati.

Kaingia mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Kalitazama tangi. Kaona maji yalivyo safi, uso ukamshuka. Furaha yangu! Kisha kasogea ukutani, kasoma stika kwa sauti. Kasema naona, ni kweli imefungwa. Nikasema asante.

Kauliza ikiwa imefungwa namna hii, maji yanapitaje. Swali la mtu wa kalamu nyingi! Nikamweleza taratibu kuwa ingefungwa ovyo ndiyo yasingepita, yangemwagika njiani. Hii imefungwa na mtu anayejua kazi. Akajikuna kichwa muda mrefu.

Kauliza boya liko wapi. Mama, aliyekuwa anamenya vitunguu mezani, kainua macho na kunitazama mimi. Nikamjibu Injinia kuwa boya bado, lipo njiani. Mama kasema kwa upole kwamba kwa anavyoona yeye, lilishafika siku nyingi. Injinia akapaliwa na mate, ikabidi nimpige mgongoni. Macho ya uzee hayo, nikamsamehe.

Sasa sikiliza fitina. Kabla ya kutoka Injinia kanishika bega, kanishauri niifungue ile koki. Niifungue! Mtambo mbichi kabisa, niufungue, yeye apate kuona ulivyoungwa ndani akauige! Nikamwambia jirani, kitu changu kikishafungwa kimefungwa. Kasema haya, ni tangi langu. Nikamsindikiza hadi mlangoni kwake, nikasimama pale mpaka akaingia ndani.

Wivu mbaya jamani. Nimemhurumia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Dakika Mbili hapokei simu. Nikituma ujumbe anajibu "nipo njiani". Njia hiyo sijui ni ya wapi.

Mama kapika vizuri leo lakini hakuketi na mimi. Kaniarifu kwamba kesho anakwenda kumtembelea rafiki yake wa zamani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Kasema kesho ni Jumapili, mwenye mtambo atakuwepo nyumbani, basi mtambo na mwenyewe watazamane. Na kiuno chake nacho kina haki ya kupumzika. Nikamwambia wazo zuri sana mama, hata mimi nilikuwa naona unakaa mno ndani. Mkononi alikuwa na mwiko. Kautazama mwiko, kanitazama mimi, kaurudisha kwenye sufuria.

Kesho nitarekodi video. Pampu ikijiwasha, maji yakitoka, maji yakiingia, na mimi nimesimama pembeni nimekunja mikono. Mke wangu akishuka kwenye gari Jumatatu, namwonyesha kabla hajavua viatu.

Kapiga simu leo pia. Kasema amemkumbuka. Nikauliza nani. Kasema Mwenyekiti.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa juu ya meza. Sakafu haijakauka.

Nianze mwanzo. Asubuhi nilivaa shati la kazi lililopigwa pasi. Simu nikaiegemeza kwenye vitabu, inarekodi. Saa nne kamili pampu ikanguruma. Nikakunja mikono. Maji yakashuka vizuri, yakaenda bafuni, pampu ikajizima. Nikatabasamu kwenye simu, nikasema sasa yanaingia mapya.

Hayakuingia.

Nikaendelea kutabasamu. Video ile ninayo, mtu anatabasamu mpaka mashavu yanatetemeka. Nikadhani pampu haijavuta ya kutosha. Nikaiwasha tena kwa mkono. Maji yakashuka. Nikaiwasha tena. Maji yakashuka, mapezi ya mgongo ya Mwenyekiti yakatokeza hewani. Wale vijana sita wakajikusanya kwenye kona moja. Mwenyekiti alikuwa ananitazama kwa jicho moja, na jicho lile nalijua, ni la mke wangu.

Nikampigia Dakika Mbili. Mara ya kwanza hola. Ya pili hola. Ya tatu kapokea, kelele nyuma yake kama yuko sokoni. Nikamuuliza kwa ukali kama ile koki kweli aliifunga. Kaapa kuwa aliifunga bosi, kwa mkono wake, tena kwa nguvu. Nikauliza sasa mbona maji hayaji. Kasema, bosi, yatakujaje na nimeifunga? Nikamwambia asinichezee, nilimwita aifunge ili maji yaje! Kasema hapana bosi, aliifunga ili maji yasije, maana boya hakuna. Nikaona huyu amelewa au jua limempiga. Nikapaza sauti: samaki wanakufa, nifanye nini? Naye kapaza sauti: basi ifungue! Ifungue tu bosi! Simu ikakatika.

Sasa, haki ya Mungu, nani angefanya tofauti? Mtu amekuambia kifaa alichokifunga ukifungue. Nikachukua spana.

Nati ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ilitoka yenyewe, na koki ikaifuata, ikanipita sikioni ikagonga picha ya harusi. Maji! Sijawahi kujua kuwa bomba lile jembamba lina hasira kiasi hicho. Yalinipiga kifuani, nikakaa. Yakapiga dari, yakapiga redio ya mama, yakaingia kwenye tangi kama mvua ya mawe. Nikaziba tundu kwa kiganja, yakatokea pembeni. Nikaziba kwa mto wa kochi, mto ukaruka. Watu husema maji yamewafika shingoni. Mimi yalikuwa yananimwagikia puani, na harufu yake ni ileile ya dawa, nzito, kama choo cha hospitali.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Maji hayakulala! Tangi lilikuwa linajaa maji yenye dawa, na Mwenyekiti alikuwa yuko juu kabisa, mdomo wazi, anapumua hewa ambayo si yake.

Maji yalikuwa yameshapita chini ya mlango, yakamfikia Injinia. Nikasikia hatua koridoni, kisanduku cha ukutani kikafunguliwa, na ghafla bomba likatulia. Koki kuu ya nyumba yetu iko nje, karibu na mlango wake. Miaka yote naipita pale nikidhani ni ya zimamoto.

Na nyuma ya Injinia akasimama mama, mkoba mkononi, katoka kwa rafiki yake mapema. Hakupiga kelele. Kavua viatu, kapita ndani ya maji, katazama tangi. Mwenyekiti alikuwa ameanza kulala ubavu. Mama akasema, mbebe. Nikauliza nani. Akasema sasa kuna mwingine?

Sijawahi kumshika. Nilizamisha mikono yote miwili mpaka mabegani, nikamkumbatia. Ni mzito. Na hakupapatika, hilo ndilo lililoniogopesha, alijiachia tu. Nikamkimbiza roshani, mama kashafunua pipa, nikamweka ndani ya yale maji yaliyolala ambayo niliyacheka. Nikarudi kwa wale sita, mmoja mmoja, na ungo. Wanne wakaingia pipa la pili, wawili wakanitoroka kwanza chini ya kochi.

Baadaye ndiyo mama kanieleza, tukiwa tumeinama na matambara. Mtambo wangu ulikuwa unatoa maji tu. Kuingiza, alikuwa anaingiza yeye. Kila saa nne asubuhi pampu inanyonya, yeye anachota pipani kwa ndoo, anajaza tangi, kisha anajaza tena mapipa yalale kwa ajili ya kesho yake. Aliponiuliza kama najua koki imefungwa nami nikajibu ni makusudi, akajua nimemfanya yeye ndiye mtambo. Stika ndiyo ilimmaliza. Leo akaamua kugoma.

Nikakamua tambara.

Jioni hii Mwenyekiti anaelea katikati ya pipa. Ubavu. Shavu moja linafunguka na kufumba, taratibu mno. Naogopa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu amefika. Kaingia na zawadi ya mkate. Kaona ukuta ulivyolowa, tangi tupu, picha ya harusi bila kioo. Hakuuliza lolote juu ya hivyo. Kauliza yuko wapi.

Nikamwonyesha pipa.

Kaketi sakafuni roshani, na nguo zake za safari, akatumbukiza mkono. Mwenyekiti hakuja kuugusa. Hakukimbia pia. Mke wangu kakaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno kadhaa niliyoyaandaa, kuhusu mafundi wa siku hizi na ugumu wa lugha, nikakumbuka kuwa nilikatazwa kumtafutia maneno. Nikaleta kiti. Hakukikalia.

Mama kamsimulia yote jikoni. Hakutia chumvi hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hapo ndipo nilipofahamu pia kwamba mama hakuja kutembea. Mwanawe alimwita, na alimpa neno lilelile moja alilonipa mimi: mtunze. Nikauliza alikuwa anasema samaki au mimi. Mama kasema aliambiwa asichague.

Jumatano, 12 Machi

Amekula! Punje moja, akaitema, akaimeza tena. Mke wangu kapiga ukelele, mama katoka bafuni na povu kichwani. Tukasimama watatu kwenye pipa kama watu wanaochungulia kisima. Nilikuwa na machozi. Nikasema ni vitunguu. Mama kasema leo hajamenya vitunguu.

Mke wangu kanigeukia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hukumu yake ni fupi. Pampu itolewe. Kuanzia leo ndoo ni zangu. Si za mama, si zake, ni zangu, kila siku. Nimekubali. Ningekubali chochote.

Dakika Mbili kaja leo na boya.

Jumapili, 16 Machi

Nabeba ndoo. Kiuno kimezoea, au kimekata tamaa, sijui. Mwenyekiti amerudi tangini tangu juzi, amekonda kidogo ila wengine bado wanapisha.

Asubuhi ya leo, baada ya ndoo ya mwisho, nilitumbukiza mkono bila kufikiri. Akaja. Polepole, mashavu yake yote mawili yakifanya kazi, akanigusagusa kidole cha kati kwa mdomo. Nimekaa pale nimeganda, mkono unakufa ganzi. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akija. Kaniwekea kichwa begani. Nimeijua furaha, jamani.

Na hapo hapo ndipo akili iliponifunguka. Mnyama kama huyu, anayenipenda kiasi hiki, anastahili kweli kungojea ndoo za mtu aliyechoka?

Nilikwenda kwa Injinia kurudisha matambara yake. Siri ya yule bwana niliigundua siku ya mafuriko, nilipoingia kwake kuyaazima: nyuma ya tangi lake kuna safu ya ndoo, na pampu yake bado imo ndani ya nailoni ya dukani. Miaka yote anabeba alfajiri, watu hawajaamka! Sikumsema. Nilimweleza wazo langu, akatoa kalamu zote.

Kosa letu lilikuwa bomba. Tuachane na bomba! Maji yaliyolala tayari tunayo. Mapipa mawili yakipandishwa juu, yakakaa darini, juu ya chumba cha kulala, maji yatateremka tangini kwa uzito wake yenyewe. Koki hakuna, fundi hakuna, neno la kubishania hakuna. Injinia amepiga hesabu, anasema mbao za dari zitahimili. Yatakaa kidogo tu juu ya upande wa kitanda anaolala mke wangu, lakini si kwa ubaya, ndipo mbao zilipo nene. Jumanne mke wangu ana zamu ya asubuhi. Atarudi akute tumemaliza.

Mama alikuwa asafiri kesho. Kapita mezani, kauona mchoro wetu, kaugeuza juu chini, kautazama mpaka mwisho. Kisha kampigia simu mwanawe mwingine na kumwambia asimngojee, bado yupo yupo kwanza. Kumbe amependa kukaa na mimi.